Magunia Yalipoacha Kuja

Kiwandani walimwita Bwana Utamu, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kwenye matangi ya kuchanganyia kinywaji cha machungwa, kile cha chupa ya plastiki ambacho hukosi kukikuta dukani. Kwa miaka mingi alibeba magunia ya sukari begani, akayapandisha ngazi ya chuma, akayachana kwa kisu na kuyamimina tangini, mpaka bega lake la kulia likashuka kuliko la kushoto na wenzake wakawa wanamtania kwamba anasikiliza ardhi inasema nini. Kisha magunia yakaacha kuja. Likaja lori la tangi, likaunganishwa mpira nyuma ya jengo, na sharubati nzito isiyo na rangi ikawa inaingia yenyewe kwa pampu. Msimamizi alisema ni sharubati ya mahindi, mambo ya kisasa. Bwana Utamu alimshukuru Mungu kwa ajili ya bega lake, na hakuuliza zaidi.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe angeweza kulifanya mtu wa magunia tu. Kwake yeye sukari ilikuwa ile nyeupe ya punjepunje, inayomwagika sakafuni na kunata viatuni. Kama gunia halikupanda ngazi, basi sukari haikuingia tangini. Pale idarani kwao wote walisema vivyo hivyo: kinywaji chetu siku hizi hakina sukari, ni mahindi matupu, na nani aliwahi kufa kwa mahindi? Walisema hivyo huku wakijimiminia vikombe vyao, wakiwa na amani kabisa.

Alikuwa na dada mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na alikuwa mtu wa msimamo. Siku aliyoambiwa na daktari aache sukari, aligawa kopo lake la sukari kwa jirani, akaanza kunywa chai chungu bila kukunja uso. Kwenye harusi ya binti yake wa pekee alikata keki, akawalisha maharusi, akajifuta vidole kwa kitambaa asije akavilamba bila kujua. Watu waliona wakacheka, naye akacheka nao.

Bwana Utamu alimwonea huruma. Kiwanda kiliwaruhusu wafanyakazi kuchukua chupa ambazo lebo zake zimebandikwa upande, na yeye akawa anampelekea dada yake kila alipokwenda kumtembelea. Mwanzoni Dada alikataa. Ndipo kaka mtu akajipiga kifua.

"Nakitengeneza mimi mwenyewe, Dada. Hamna hata punje ya sukari mle. Kunywa bila wasiwasi."

Dada alimwamini. Angeanzaje kutomwamini, mtoto aliyemfunga nepi kwa mikono yake? Alikunywa glasi ya kwanza polepole, macho yakamlegea kwa raha, akasema Mungu hamtupi mja wake. Tangu siku hiyo chupa haikukosekana mezani kwake, pembeni ya cherehani.

Vipimo vya kliniki vikaanza kupanda. Daktari akabadilisha dawa, akaongeza dozi, vikapanda tena. Alipomuuliza Dada anakula nini, alimtajia vyote, mboga, maharage, samaki wa kuchemsha, chai chungu. Kinywaji cha machungwa hakukitaja, si kwa kuficha, bali kwa sababu hata yeye mwenyewe alikihesabu kama maji. Daktari akamtazama kwa yale macho ya mtu aliyechoka kudanganywa.

Binti yake naye akapoteza subira. Akampigia simu mjomba wake akilia kwamba mama anajiua, anakula vitamu kwa kificho, na yeye yuko mbali hana la kufanya. Basi Bwana Utamu akalivaa jukumu la polisi. Alikwenda kwa dada yake bila kubisha hodi vizuri, akafungua makabati, akanusa makopo, akainua hadi godoro. Hakupata kitu. Badala ya kuridhika akazidi kuwa mkali, kwa kuwa mtu asiyepatikana na kitu huonekana mjanja zaidi. Dada alikaa kwenye kiti cha cherehani akimtazama, akala yamini kwa kaburi la mama yao kwamba hajatia sukari mdomoni.

"Mashine ya kliniki haina chuki na wewe, Dada," alimjibu. "Inasoma kilichomo kwenye damu."

Dada akaigeukia cherehani yake. Na kabla ya kuondoka, Bwana Utamu alitoa kwenye kikapu chupa alizomletea, akaziweka mezani, akiona kwamba pamoja na ukali wake wote bado ni ndugu mwenye huruma. Ukitaka kumchukia hapo, mchukie; wakati ule yeye hakujiona na kosa lolote.

Macho ya Dada yakaanza kumsaliti. Kwanza akashindwa kutunga uzi sindanoni, akawa anaomba wateja wamtungie. Halafu mishono ikaenda upande. Mteja mmoja alirudisha gauni ambalo mkono mmoja ulishonwa ndani nje, akalirudisha kwa upole, na upole ule ulimuumiza Dada kuliko matusi. Mwishowe akaifunika cherehani kwa shuka. Alisema anapumzika kidogo.

Bwana Utamu akaomba ruhusa kazini, akamsindikiza hospitali ya macho. Dada alipoingizwa chumba cha vipimo, yeye alibaki kwenye benchi na muuguzi, ambaye alikuwa anauliza upya habari za chakula. Alijibu kwa niaba ya dada yake, na kwa kuwa muuguzi alikuwa msikivu, akataja na kinywaji. Akaeleza kwa fahari kidogo kwamba hakina sukari, kinatiwa sharubati ya mahindi, yeye ndiye mchanganyaji.

Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Kaka yangu, hiyo ni sukari. Imeyeyushwa tu."

Alimweleza taratibu, bila kumkemea. Kwamba mahindi yanachakatwa kiwandani mpaka yanageuka sukari ya maji. Kwamba mwilini haina tofauti kubwa na ile ya gunia, inapandisha sukari kwenye damu vilevile, na ikizidi inaliumiza ini. Kwamba siku hizi imo hata kwenye mkate na sosi ya nyanya. Kwamba ugonjwa una mambo mengi na si chupa peke yake, lakini kwa mgonjwa kama huyu, chupa kila siku ni nyingi mno. Bwana Utamu alisikia nusu. Akajikuta anavitazama viganja vyake kana kwamba si vya kwake.

Baadaye daktari aliwaambia kwamba sehemu ya macho iliyokufa haitarudi. Wangejitahidi kulinda iliyobaki.

Njiani kurudi, Dada akiwa amemshika mkono, Bwana Utamu aliona njia ya kuponea. Hakuna aliyejua ila yeye na yule muuguzi. Angesema tu kiwanda kimesimamisha kutoa chupa. Vipimo vingeshuka, binti angefurahi, daktari angempongeza Dada. Na watu wote wangesema afadhali, hatimaye mama ameacha kula kwa kificho. Alipofika hapo kwenye mawazo yake, akaukaza mkono wa Dada na kuongeza mwendo.

Walipoingia ndani alimkalisha kitini, akapiga magoti mbele yake kama alivyofanya utotoni akitaka kufungwa vifungo vya shati, akamwambia yote. Hakujitetea. Alisubiri kofi, au kilio, au kufukuzwa, na lolote kati ya hayo lingemfaa.

Dada aliuelekeza uso dirishani kwenye mwanga.

"Kwa hiyo sikuwa nasema uongo," alisema.

"Hukusema uongo, Dada."

Akashusha pumzi, machozi yakamtiririka, na kaka yake akaona kwa uchungu kwamba yalikuwa machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mlisema wote, mpaka nikaanza kuamini. Nikadhani labda naamka usiku nakula, asubuhi nasahau. Ufunguo wa kabati la chakula anakaa nao jirani. Nampa kila jioni nikishakula, asubuhi nakwenda kuuomba. Leo tumetoka kabla sijauchukua."

Bwana Utamu akaligeukia kabati lile alilowahi kulipekua.

"Jirani hajawahi kuniuliza kwa nini," Dada alisema. Akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake, lile lililoshuka. "Nenda ukanichukulie ufunguo wangu. Na umwambie uliyoniambia."

Akainuka, akatoka, akagonga mlango wa jirani. Mama wa watu alifungua akiwa na unga mikononi, akatabasamu, akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Bwana Utamu akasimama pale kizingitini, akaanza kusema.