Waya wa Kuchajia

Uhuru ulikuwa haujatimiza miaka mitatu, na nchi ilikuwa imekwisha kujipiga risasi yenyewe. Kuach, dereva wa ofisi moja ya misaada hapo mtaa wa Thongpiny, mji mkuu, alikuwa amechoka hata kutunga uongo.

Bwana Aloysius, mkaguzi wa magari aliyetumwa kutoka Kampala, alifungua buti akatoa waya kutoka kwenye nailoni yake ya dukani.

"Hii gari inakunywa petroli, na pia inaweza kuchajiwa ukutani kama simu," akasema. "Waya iko, umeme wa jenereta iko. Mbona wewe iko nachoma petroli tu?"

"Nilichaji mara moja, mzee. Januari, vita ikiwa bado moto. Betri ikijaa, hii gari haina sauti. Nilifika polepole kwenye kizuizi cha barabarani, na askari alikuwa amenipa mgongo. Kugeuka, boneti iko magotini mwake."

"Halafu?"

"Nililala kifudifudi kwenye lami mpaka mkubwa wake alipokuja kuamua mimi ni nani." Kuach akapangusa uso kwa kiganja. "Tangu hapo naacha betri iishe. Injini ikinguruma, wananisikia nikiwa mbali."

Aloysius aliuviringisha ule waya taratibu, akaurudisha kwenye nailoni yake, akafunga buti. Kisha akaiweka fomu juu ya boneti, na penye neno "chaja" akaandika: mbovu.