Ndama wa Mama Wawili

Nikutegee, na usikimbilie kujibu. Ndama mmoja, mama wawili. Akinyonya huku, maziwa yanashuka kule. Mmoja ndiye aliyemzaa. Na huyo mwingine, ni nani? Usiniambie ni mwizi. Wapo waliojibu hivyo wakanipa mji, nami mji nikaula, lakini jibu silo. Kaa nacho kitendawili hicho, tutasafiri nacho.

Barwaqo alilijua jibu tangu utoto. Alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, mjane wa marehemu Kulow, mwanamke mnene wa vicheko, ambaye hata mteja mkali akiondoka kwake anaondoka anatabasamu. Lakini mwaka huo, mwaka mmoja kabla ya zile mvua kubwa zilizokata barabara, vicheko vyake vilipungua, na chanzo ni simu.

Idil, binti yao, aliishi Melbourne, Australia, na mumewe Awil, na alikuwa na mimba ya kwanza. Nasema binti yao kwa sababu Kulow aliacha wake wawili. Shurie, mke mkubwa, ndiye aliyemzaa Idil, na hadi siku hizo alikuwa kule Eldas, upande wa Wajir, na ngamia. Barwaqo, mke mdogo, ndiye aliyemlea mjini ili asome. Msichana aliwaita wote wawili hooyo, yaani mama, na hakuna aliyewahi kumuuliza hooyo yupi ndiye yupi.

Ijumaa baada ya swala Idil alizoea kupiga simu katika ofisi ya Caro. Caro alikuwa mama wa Kitui aliyekuja Garissa na mume mwalimu. Mume akahamishwa, yeye akabaki na mashine yake ya chapa, simu yake na wateja wake. Watu walimwendea awaandikie barua za serikali na kuwapangia safari.

"Hooyo," Idil alisema Ijumaa hiyo, "Awil amepata nauli ya mama mmoja. Wa pili atakuja mwaka ujao, mtoto akianza kutembea, inshallah. Mimi naomba Mama Shurie ndiye atangulie, anikalishe arobaini. Yeye ni mkunga, mikono yake inajua. Nimekuwa mwoga, hooyo. Wewe ukija mwaka ujao nitakuzungusha nchi nzima. Utamwandalia safari?"

Barwaqo alifungua mdomo aseme inshallah. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Shurie amekataa."

"Amekataa?"

"Anasema yeye hapandi kitu kinachoruka. Si unamjua alivyo."

Simu ikavuma kama upepo ndani ya chupa. Kisha sauti ya Idil ikarudi, ndogo. "Haya. Basi njoo wewe, hooyo. Alhamdulillah, njoo wewe."

Shurie hakuwa amekataa. Shurie hakuwa ameulizwa. Alikuwa Eldas anapeleka ngamia kisimani, hajui hata kama anatajwa.

Barwaqo alipoweka simu chini aliona Caro ameacha kuchapa. Kwa miaka aliyokaa Garissa, Caro alikuwa akikielewa Kisomali kuliko alivyokizungumza. Aliingiza karatasi nyingine, akaendelea.

Njiani kurudi nyumbani Barwaqo alijitetea mwenyewe kwa mwenyewe. Pasipoti anayo, aliipata alipokwenda Hija. Shurie kipande tu, yaani kitambulisho, kilimtoa jasho, wakubwa wakamuuliza mpaka jina la babu wa babu. Shurie Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Atapotea Dubai kwenye kubadilisha ndege, atakaa chini na shuka lake asubiri mtu wa Wajir apite. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini chakula cha jioni alikifunika bila kukigusa.

Safari ikaendelea kupangwa. Caro aliandika alichoagizwa. Sanduku lilinunuliwa, la buluu, lenye magurudumu. Idil naye kila Ijumaa aliongeza jambo: arobaini ikiisha watakwenda kwa gari mpaka ndani kabisa, jangwani, akawaone ngamia wa Australia, maana huko ngamia wanazurura porini na hawana mwenyewe.

Sokoni habari hiyo iliwashangaza watu kuliko ndege.

"Hawana mwenyewe?" Saynab, aliyeuza maziwa meza ya pili, alishika kiuno. "Hata alama shingoni hawana?"

"Hata alama."

"Wallahi, ondoka na mume wangu. Hapa amekaa tu anatafuna miraa, kule atakuwa tajiri asubuhi moja!"

Wanawake walicheka mpaka majerikani yakatikisika. Barwaqo naye alicheka, akageuka upande akajifuta uso na shungi kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Barwaqo alipeleka habari Eldas kwa redio ya upepo, ile ambayo mtu mmoja anazungumza na kila anayepita dukani anasikia. Alitumia maneno machache: Idil ana mimba, Barwaqo anakwenda kumkalisha arobaini, muombeni Mungu. Alitegemea kuletewa dua.

Aliletewa Shurie.

Shurie aliteremka kutoka kwenye lori la mbuzi, mwembamba, mrefu, nguo imejaa vumbi la Wajir yote, na kifuani amekumbatia chombo cha mti kilichovikwa ngozi na kuzungushiwa kamba nyekundu, kimependeza kama bibi harusi.

"Abaayo," alisema, yaani dada, akamkumbatia mwenzake bila kukiachilia chombo. "Usiniulize mgongo. Huko njiani beberu mmoja alinifanya mto wake."

"Umebeba nini?"

"Nyirinyiri ya mtoto wangu. Nimechinja yule dume mweupe. Nimeikata mwenyewe, nimeikausha mwenyewe, nimeikaanga na samli ya ng'ombe wa jirani yetu Dagane, iliki imo. Mzazi akila hii, damu inarudi. Utampelekea." Akakiweka chombo juu ya lile sanduku la buluu, akalitazama sanduku, akalisukuma kidogo kwa kidole likatembea. "Subhanallah. Lina miguu! Abaayo, mzigo wako unajichunga wenyewe."

Hakununa. Hakuuliza kwa nini wewe na si mimi. Angenuna, Barwaqo angepata pa kushika; angejibu kwa ukali, wangegombana kama wake wenza wa watu wengine, mambo yangekwisha. Lakini Shurie alikunja miguu mkekani, akanywa chai, akatoa habari za mifugo.

"Yule ndama wa mama wawili unamkumbuka? Amekuwa mnyama mzuri. Ila mwanangu Mahat alimtenga mmoja wa wale mama zake, akampeleka malisho ya mbali, eti maji ni haba. Maziwa yakakauka siku zile zile. Tukamrudisha. Alipomsikia ndama tu, chuchu zikaanza kudondosha."

Sasa jibu umelipata. Ngamia hamwachii mtu maziwa mpaka ndama wake awe karibu. Ndama wake akifa, wachungaji humletea ndama wa mwenzake, wakamfunika ngozi ya yule aliyekufa mpaka ngamia anuse, alambe, akubali. Tangu hapo ndama mmoja ana mama wawili, na ukitaka kuwakama wote, wasimamishe pamoja. Huyo wa pili si mwizi. Alipewa.

Barwaqo naye alipewa. Mwaka ule mtoto wake mwenyewe alipozikwa, kifua kimejaa na hakuna wa kunyonya, ni Shurie aliyekuja na Idil mchanga, akamweka mapajani mwake, akasema, "Mnyonyeshe huyu, abaayo, mimi nina homa." Homa hakuwa nayo. Barwaqo alijua hakuwa nayo. Na msichana alipofika umri wa shule, ni Shurie huyo huyo aliyesema mpeleke mjini.

"Eti huko kuna ngamia hawana mwenyewe?" Shurie aliuliza.

"Idil anasema."

"Maskini. Mungu amewapa ngamia watu wasiojua kukama." Akazungusha kikombe mkononi. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya sukari: "Na mimi aliniulizia?"

"Anakusalimu sana."

"Salamu zimefika. Lakini salamu hata jirani anapewa. Nauliza, aliniulizia?"

"Chai imepoa, abaayo, lete nikuongeze," Barwaqo alisema, akainuka na birika lililokuwa bado limejaa.

Shurie hakurudia. Alimtazama mwenzake akihangaika na birika, akavuta shuka, akalala na mkono mmoja juu ya chombo chake.

Ijumaa walikwenda pamoja kwa Caro. Barwaqo alijaribu kumwacha nyumbani, akamwambia jua kali, akamwambia ofisi ni ndogo. Shurie alisema yeye jua walizaliwa pamoja. Alibeba chombo chake, akakiweka mezani katikati ya karatasi za Caro.

Caro alikunja uso. "Hiki nacho ni cha safari?"

"Nyama ya Idil," Shurie alisema kwa Kiswahili chake. "Mtoto yangu."

"Pole, mama. Australia hawakubali. Nyama hapana. Samli hapana. Mzigo wote wanaufungua, wakikuta chakula wanachukua."

"Hii si ya duka. Mimi nakata, mimi nakausha. Safi!"

"Najua ni safi. Mimi mwenyewe ningeila. Lakini wao wataichoma moto."

"Moto?" Shurie alimgeukia Barwaqo apate kuhakikisha kwa Kisomali, na Barwaqo akaitikia kwa kichwa. "Na ubani?"

"Wanaweza kuuchukua pia."

Shurie alikivuta chombo taratibu, akazirekebisha kamba nyekundu zilizolegea, kama mtu anayemfunika mtoto miguu. Kisha akainua mikono yake yote miwili mbele ya Caro. Mikono mirefu, mikavu, vidole vimepinda kwenye ncha.

"Na hii? Mkono ya kukanda mtoto. Hii wanakubali?"

Caro aliitazama ile mikono. "Mkono wanakubali, mama," alisema. "Ila sharti uende na mwenyewe." Na macho yake yakahama kutoka kwa Shurie, yakatua kwa Barwaqo, yakakaa hapo.

Barwaqo aliangalia sakafu. Ilikuwa sakafu ya saruji yenye ufa, na siafu mmoja alikuwa akiufuata ufa huo.

"Basi abaayo," Shurie alisema, sasa kwa Kisomali, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliyepata njia ya mkato. "Niazime mikono yako. Ikiwa yangu haiendi, nitakutia ujuzi kwenye yako. Njoo hapa."

Akakilaza chombo ubavu mezani. Akaishika mikono ya Barwaqo, akaiweka juu ya ngozi ile laini iliyonukia iliki.

"Huyu ndiye mtoto. Mafuta yawe vuguvugu, si moto. Anza hapa, shingoni. Usikandamize, msikilize. Mfupa wa mtoto unazungumza. Sasa shuka, shuka, usikimbie. Hapa chini akilia mwache alie, anashukuru. Kichwa ukizungushe hivi, kikae mviringo, watu wasije wakamcheka. Na Idil mwenyewe, tumbo lake umfunge kitambaa kuanzia chini kwenda juu. Juu kwenda chini utamharibu. Umeshika?"

Viganja vya Shurie vilikuwa juu ya viganja vya Barwaqo, vikavu na vyenye joto, vinamwongoza, naye alihisi mikono yake mwenyewe mizito, minene, kama mikono ya mtu aliyekamatwa ndani ya zizi la wengine.

"Legeza mikono," Shurie alisema. "Usiogope. Ndege wanapanda hata wazee. Mimi nikipewa ningepanda, wallahi. Ningefumba macho tu."

Simu ikalia.

Caro hakuigusa. Kwa kawaida alikuwa wa kwanza kuinua, atangaze jina la ofisi yake kwa Kiingereza. Safari hii alikunja mikono, akaiacha ilie.

"Ni yeye?" Shurie aliuliza.

"Ni yeye."

Simu ililia tena. Barwaqo alinyoosha mkono, na Shurie akauzuia, bila nguvu, kwa vidole viwili tu.

"Ngoja. Kabla hujazungumza naye. Mimi kesho narudi na lori, na njia ni ndefu, nitahitaji kitu cha kuwazia. Nilikuuliza ukaniongezea chai. Sitakuuliza mara nyingine, abaayo, na jibu lolote utakalonipa nitalichukua. Aliniulizia, au hakuniulizia?"

Simu ililia. Mafuta ya samli yalikuwa yamepenya kwenye ngozi ya chombo na kumpaka Barwaqo viganjani. Aliinua kipokezi, lakini hakukipeleka sikioni mwake. Alikiweka mkononi mwa Shurie, akakikunjia vidole vile virefu, akavishikilia hapo, na kwa mara ya kwanza tangu lori la mbuzi lifike akamtazama mwenzake machoni.

"Alikutaka wewe, abaayo. Wewe kwanza. Mimi ndiye niliyekataa."