Viatu Vyekundu Kwenye Risiti

Barua ya mamlaka ya kodi kuhusu ukaguzi ilipofika, Baba Pacha hakumwonyesha mkewe. Alimpigia simu kwanza mhasibu, mwanamke aliyesoma naye. Mama Pacha aliyasikia mazungumzo kutoka chumbani, na kicheko cha mumewe kikamchoma kuliko huo ukaguzi wenyewe.

Baba Pacha alikuwa mpiga picha za harusi. Nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuhesabu, ukimuuliza alikula wapi, anajibu, "Huko huko." Lakini kwa mhasibu alieleza kila safari, kila mlo, kila kituo cha mafuta. Jumamosi Mama Pacha akavaa gauni lake la kutokea, akafuatana naye hadi kwa mhasibu.

"Karibu, wifi," mhasibu alisema.

Wifi! Undugu umeanza lini? Mama Pacha akaketi katikati yao.

"Kukaguliwa si kushtakiwa," mhasibu alieleza huku akizitenga risiti, za kazi huku, za nyumbani kule. "Wanataka kuona kama mapato uliyotaja yanalingana na pesa zilizoingia benki, na kama matumizi ni ya kazi kweli. Usichokumbuka, sema hukumbuki. Usitunge." Akainua risiti moja. "Na hivi viatu vya kike, vyekundu, namba thelathini na saba?"

Mama Pacha alivaa arobaini. Akainama kama anayeokota kalamu, akachungulia chini ya meza. Mguu wa mhasibu ulikuwa mdogo, mzuri, umetulia kwenye kandambili.

"Vya kazi," Baba Pacha alisema.

"Kazi gani inavaa visigino?" mkewe akauliza.

"Nimesahau. Haki ya Mungu nimesahau."

"Bila ushahidi nitaviondoa," mhasibu alisema.

Kesho yake mume alipotoka, Mama Pacha aliwasha kompyuta ya mumewe akatafuta picha za tarehe ya ile risiti. Hakuwa akitafuta ushahidi wa kodi. Alikuwa akimtafuta mwanamke. Akampata: bibi harusi ameshika kiatu cheupe kilichovunjika kisigino, machozi yamemharibia poda. Picha iliyofuata anacheza, miguuni ana vyekundu.

Hasira aliyokuwa nayo Mama Pacha ilikosa pa kutua.

"Ee, yule!" Baba Pacha alijipiga paji la uso alipoonyeshwa. "Nilikimbia dukani mwenyewe. Bila viatu, hakuna picha."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Na yule mhasibu mbona unamwambia hata asichouliza?"



Siku ya ukaguzi, mkaguzi aliitazama ile picha, akatabasamu, viatu vikapita. Mafuta ya kuwapeleka pacha shuleni aliyakataa: hayo ni ya familia. Wakaongezewa kodi kidogo, wakapewa muda wa kulipa.

"Wifi, umetuokoa!" mhasibu alimkumbatia kwenye ngazi. Mama Pacha akacheka kwa meno tu. Kumbe hata manukato yake yalikuwa mazuri.

Ndani ya gari Baba Pacha alisema, "Tungemshukuru. Nimpeleke hotelini, nimnunulie chakula cha mchana?"

"Atakula nyumbani," alijibu mkewe akifunga mkanda. "Mezani kwangu, nikiwaona wote wawili."