Sweta la Mzee Dhiyab

Ijumaa ya kwanza ya vuli, baada ya chakula cha mchana, Khazna alivuta sanduku la masweta kutoka chini ya kitanda chake, akatandika shuka kuukuu sebuleni, akaketi kwa kuegemea ukuta. Nje miti ya tini ilikuwa imeanza kupukutisha majani, na paka alikuwa amehamia jikoni kwa hiari yake. Hapa kijijini Ain Luza dalili hizo mbili zinatosha. Siku ya kufumua haitangazwi redioni.

Huku kwetu sweta la sufu halivaliwi likatupwa. Watoto wanakua, wakubwa wananenepa, viwiko vinatoboka. Kwa hiyo kila vuli masweta ya mwaka jana hufumuliwa, uzi ukaoshwa kwa sabuni ya zeituni, ukaanikwa huku umening'inizwa jiwe ili unyooke, kisha ukafumwa upya. Na kwa kuwa sufu hushika maneno ya aliyeivaa, sweta likifumuliwa maneno yale hutoka, kwa sauti ya mwenyewe, mazungumzo ya mwisho yakitangulia, kila moja kwa mpangilio wake. Hutoka mara moja, basi. Maneno ya mtu aliyekuwa akijibizana naye hayatoki. Sufu haina umbea wa kiasi hicho. Nyuzi za plastiki za dukani hazishiki kitu, ndiyo maana vijana wanazipenda.

Khazna alikuwa na miaka hamsini na nane. Hakuwahi kuolewa, na nyumba ile ilikuwa ya mdogo wake, Mufleh. Alianza na sweta la Zayd, kitinda mimba wa Mufleh, mwenye miaka minane. Hata hajafumua mistari mitatu, sauti ya Zayd ikatoka kwenye uzi: "Lamba upesi. Tukiulizwa, tunasema ni paka."

"Mwizi mkubwa wewe!" Sabha, mke wa Mufleh, alimrushia kandambili. "Na paka wa watu nikampiga bure!"

Zayd alijificha nyuma ya shangazi yake, mahali ambapo kandambili ya mama haikuwahi kufika. Paka alitazama yote hayo kutoka mlangoni, akaondoka bila kudai radhi.

Likafuata sweta la Awad, kijana wa kwanza, ambaye alikuwa aoe majira ya maua. Sweta lile lilikuwa simu kutoka shingoni hadi mikononi: "Kipenzi, umekula? Umekula nini? Na mimi nilikuwa naufikiria mchele huohuo."

"Shangazi, hilo liache!" Awad aliruka, masikio yamemwiva.

"Kaa chini. Ndiyo kwanza nafika kwenye utamu."

Walicheka mpaka Sabha akashika mbavu. Kisha uzi ukasema, kwa sauti ileile ya Awad, ya furaha: "Nyumba tutaijenga bustani ya juu. Nani? Ah, shangazi hana neno."

Khazna aliendelea kuvuta. Kweli, hakuwa amesema neno. Katapila lilikuwa limeshaitwa, lingefika kesho yake asubuhi.

Bustani ya juu ilikuwa kipande nyuma ya nyumba, chini ya chemchemi ambayo kijiji hugawana maji yake kwa zamu, chenye mikomamanga kumi na saba. Yote aliipanda Khazna kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, na katikati ya miti alikuwa akipanda vitunguu saumu kila vuli. Baba yao, mzee Dhiyab, alipofariki miaka sita iliyopita, Mufleh alisema, "Baba hakuacha neno." Kwa hiyo mambo yakaenda kama yanavyokwenda siku zote. Wazee wa ukoo walimuuliza Khazna mwanamke mwenye kaka anataka ardhi ya nini. Mufleh mwenyewe alimwambia, "Dada, wewe nimekuweka juu ya kichwa changu, nitakutunza." Khazna akaenda mahakamani, akatia sahihi kwamba amesamehe fungu lake la urithi, na njiani kurudi Mufleh akamnunulia kitambaa cha gauni. Kilikuwa kitambaa kizuri, na rangi yake haijachuja hadi leo.

Chini kabisa ya sanduku lilibaki sweta moja la kahawia lisilo na mikono. Lilikuwa la mzee Dhiyab. Alilivaa miaka yake ya mwisho, na tangu afe hakuna aliyeligusa.

"Hilo rudisha," Mufleh alisema. Alikuwa ameketi karibu na jiko la mafuta.

"Kifua chako kilikusumbua mwaka jana mzima. Nakufumia wewe."

"Nitanunua jingine mjini."

"Sufu ya kondoo wa baba, utainunua duka gani?" Khazna alikuwa ameshakata fundo la shingoni. "Umekuwa mtu wa madukani siku hizi, baba Awad?"

Mufleh angeweza kumnyang'anya sweta. Angelinyang'anya angelazimika kusema kwa nini, kwa hiyo alikaa.

Kwanza kilitoka kikohozi, mistari miwili mizima. Kisha mzee Dhiyab akasema, "Supu haina chumvi," na Sabha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kwa sababu supu ile aliipika yeye na kweli haikuwa na chumvi, daktari alikataza. Mzee akaomba dua, akamwita mbuzi kwa jina, akamtukana jirani yake juu ya mpaka, akaomba dua tena. Zayd, ambaye hakumkumbuka babu yake, alisogea akaweka sikio karibu na uzi.

"Mufleh, sogea hapa," uzi ulisema. "Bustani ya juu ni ya Khazna. Kaipanda yeye, kaimwagilia yeye. Na zamu ya maji ya Jumanne iwe yake."

Hapo pakawa na kimya cha upana wa kidole kimoja. Khazna alikifumua chote.

"Umesikia?" mzee aliuliza. Kikapita kimya kingine, kifupi. "Haya. Umesema umesikia, na Mungu ni shahidi. Nipe maji."

Maji aliyopewa hayakutoa sauti. Khazna alizungusha uzi kwenye bonge, na moyo ulimuuma kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi alilia kwa kudhani baba yake alimsahau, akamsamehe. Sasa hakuwa na la kumsamehe baba yake, na aliyebaki wa kusamehewa alikuwa ameketi karibu na jiko, akitazama soksi zake.

"Wifi," Sabha alisema, "wallahi mimi sikujua."

"Najua hukujua."

"Basi bustani ni ya shangazi," alisema Tamam, binti wa katikati, mwenye miaka kumi na minne, umri ambao mtu bado anadhani maneno yakishasikika kazi imekwisha.

Awad alisema kwa sauti ya chini kwamba katapila linatoka mbali na dereva ameshaahidiwa. Mufleh alikohoa, kikohozi kilekile cha baba yake.

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Imeshapigwa muhuri." Kisha akaomba chai.

Sabha alimwekea chai na kuisahau sukari, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mufleh aliinywa hivyohivyo.

Asubuhi katapila lilikuja. Khazna alimwomba dereva asubiri kidogo, akachuma makomamanga yaliyoiva, akawapa wanawe Mufleh wabebe vikapu. Awad alibeba vitatu kwa mpigo. Kisha Khazna akapanda juu ya paa na mbegu zake za vitunguu saumu, akazipanda kwenye madebe ya samli yaliyojazwa udongo, akiwa ameipa mgongo bustani. Miti kumi na sita iling'olewa kabla ya adhuhuri. Mmoja, ule wa pembeni karibu na ukuta, Mufleh alimwambia dereva auache. Majirani walilizungumza hilo wiki nzima, kwamba Mufleh ana moyo mwema kwa dada yake.

Sweta la kahawia lilikamilika mvua ya pili ilipoanza, wakati wa kuchuma zeituni. Khazna alilifuma mistari ya karibukaribu sehemu ya kifuani, kwa sababu ya upepo. Mufleh alilivaa, likamkaa vizuri, akasema ahsante. Hakulivua kipupwe chote. Kifua hakikumsumbua hata siku moja.

"Lakini anaongea peke yake," Sabha alimnong'oneza Khazna walipokuwa wakikamua limau kwenye zeituni za kuweka akiba. "Anaingia bandani kwa kuku, anasimama, anaongea. Nikimuuliza anasema anahesabu mayai."

"Mayai yapo?"

"Mayai gani wifi, na baridi hii!"

Majira ya maua Awad alioa. Nyumba ilisimama pale juu, nzuri, yenye madirisha ya bluu, na zamu ya maji ya Jumanne ikaenda kwenye tangi lake. Bibi harusi alikuwa mcheshi. Alimbusu Khazna mkono kila asubuhi, na Khazna alimpenda, hakuweza kujizuia.

Vuli iliporudi, paka alihamia jikoni, na sanduku likatolewa. Sweta la Zayd lilitaja majina ya waliovunja dirisha la shule. La Tamam lilikariri masomo ya dini na kumsema mwalimu wa hesabu. Bibi harusi alisikia kipande cha simu za mwaka huu za Awad, ambazo sasa zilikuwa za sima ya ngano na bomba linalovuja, akacheka hadi machozi. Mwishoni Khazna akachukua la kahawia. Mufleh alikuwa amekonda, lilikuwa linampwaya, hivyo lilihitaji kufumwa upya.

Alikata fundo, akavuta.

"Nimesikia, baba," uzi ulisema, kwa sauti ya Mufleh, taratibu, na nyuma yake kukiwa na kimya cha bandani.

Mstari wa pili ulisema vilevile. Wa tatu vilevile. Khazna alivuta mgongo wote, kisha kifua, ile mistari ya karibukaribu aliyoifuma kwa ajili ya upepo, na hapakuwa na neno lingine, wala la chumvi wala la kuku. Nimesikia, baba. Nimesikia, baba. Jua lilihama kutoka kwenye shuka hadi ukutani. Zayd alisinzia. Sabha hakuinua macho kwenye soksi aliyokuwa akiiziba, na bibi harusi, ambaye hakuwa amesimuliwa kitu, aliacha kucheka mwenyewe.

Uzi ulipokwisha, bonge lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto.

"Ulisikia," Khazna alisema.

"Nilisikia," alisema Mufleh.

Khazna alingoja kama ataendelea. Mufleh alitazama dirishani, palipoonekana ukuta wa nyumba ya mwanawe na nguo zilizoanikwa kwenye ule mkomamanga mmoja.

Khazna alimwambia asimame anyooshe mgongo. Alimpima mabega kwa shubiri, kama alivyompima tangu akiwa mtoto wa kutembea.

"Safari hii lipanue kidogo, dada," Mufleh alisema. "Lile lilinibana."

"Lilikuwa linakupwaya, Mufleh. Linalokubana si sweta."

Aliosha uzi, akauning'inizia jiwe, na ulipokauka akaanzisha vitanzi vya kwanza, kwa kipimo kilekile cha mwaka jana.