Seva na Saa Kumi na Mbili

Kosa lilikuwa la Marselino, fundi wa kompyuta, na alilikiri kabla hajaulizwa. Seva ya mgodi, kule njia ya Segese, ndiyo iliyotunza majina ya walioshuka shimoni na waliopanda, nayo ilikwama kila jioni zamu zikipokezana. Akaipanga iandike kwenye logi, daftari lake la ndani, kila swali inaloulizwa likachelewa kujibiwa, mwisho saa kumi na mbili jioni. Akachapa 12. Seva haihesabu saa kama Msukuma. Ikafunga logi adhuhuri, siku nne mfululizo, na Marselino na diploma yake kila akifungua anakuta patupu.

"Baba Klara," Ritha, mwandishi wa dirisha la majina, akamwambia, "mwenzio anakwenda kula ubwabwa mchana, wewe unamvizia jioni."

Leo alikuwa amechapa 18. Saa kumi na moja watu wakapanda, wakataja majina dirishani, wakakimbilia lori. Kioo cha kompyuta kikaganda. Mzee Mageni, mkuu wa baruti, alisimama mlangoni akiuliza, kwa mara ya tatu sasa, kama shimo ni tupu. Saa kumi na mbili analipua. Zamani kila mtu akipanda alitundika kibati cha jina lake kwenye msumari, ukitupa jicho umejua. Misumari iling'olewa mwezi uliopita, kwa ushauri wa Marselino huyohuyo.

Marselino akafungua logi. Mara hii ilikuwa imejaa, na swali lilikuwa lilelile moja: ripoti ya stoo, inayopekua majina yote tangu mgodi ufunguliwe, ndipo ihesabu kofia na taa. Kila ikianza, dirisha la Ritha linapanga foleni nyuma yake. Akapiga simu stoo, akawabembeleza waizime.

Kioo kikafunguka. Wote walikuwa wamepanda, isipokuwa mmoja: Bujiku.

Mzee Mageni akatazama saa yake. Akasema huenda kijana kapitiliza dirisha, si unawajua na lori lao. Ritha akatoka mbio kulifuata lori, lakini vumbi lilikuwa limeshafika barabarani.

"Shikamoo mzee, nakuomba dakika tano," Marselino akasema, ingawa walishaamkiana tangu asubuhi. Akashika redio ya shimoni.

"Bujiku, ukinisikia sema lolote."

Redio ikavuma. Akabonyeza tena.

"Bujiku, nitukane basi."