Mwenye Upanga

Uso mmoja tu ndio uliobaki mtupu kwenye ukuta wa kanisa. Bustani ilikwisha kupakwa rangi, mienge ilikuwa ikiwaka, na mtumishi wa kuhani mkuu ameinama, kashika sikio lililokatwa. Lakini yule aliyeinua upanga hakuwa na macho wala mdomo. Mchoraji alishuka ngazini, akajifuta mikono, akarudi nyumbani na Biblia kwapani.

Mzee wa kanisa alimwambia amchore Petro tu, asijisumbue. Yeye akajisumbua. Alizisoma Injili zote nne, akashikwa na udadisi uliomnyima raha hata ya kula. Mathayo, Marko na Luka wote wanalisimulia pigo lile, ila mpigaji kwao ni mmoja wa waliokuwepo, basi. Yohana peke yake ndiye anayemtaja: Simoni Petro. Iweje watatu wasahau jina la rafiki wa karibu namna ile?

Alimweleza mama yake, aliyekuwa akichambua mchele mezani. Mama alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Hawakusahau, mwanangu," alisema. "Walimsitiri."

"Kwa nini wamsitiri?"

"Labda alikuwa bado hai. Ukimtaja aliyemjeruhi mtumishi wa mkubwa, umemkabidhi. Huyo wa nne huenda aliandika mwenzake keshazikwa."

Tangu utotoni mchoraji alikuwa akisikia habari za seremala, jirani yao, aliyevunjwa mkono kwenye ugomvi na tangu hapo haukunyooka. Majirani walimhoji mama, aliyekuwepo siku ile, polisi wakamhoji; aliyempiga, kwa mama, alibaki kuwa mmoja wa vijana wa mtaani. Na kaka mkubwa wa mchoraji, kila alipomwona seremala mbele yake, alivuka barabara. Mwaka jana walimzika kaka. Udadisi wa vitabuni ukahamia mezani pale.

"Mama, alikuwa kaka?"

Vidole vya mama vilisimama juu ya mchele.

"Alikuwa yeye," alisema hatimaye. "Hasira zake zilikuwa karibu. Na moyo wake pia ulikuwa karibu. Nilipougua, nani alinibeba mgongoni mpaka hospitali? Ningewapa jina lake, wangezichukua hasira tu, huo moyo wasiuulize."

Mchoraji aliuona uso aliokuwa akiutafuta, nao haukuwa wa hasira tupu kama alivyodhani. Ulikuwa wa mtu anayependa kupita kiasi, asiyejua aiweke wapi mikono yake.

Mama aliuliza kama yule mtumishi alipona. Mchoraji akamjibu kwamba Luka peke yake ndiye anayesema sikio liliguswa, likapona palepale. Wengine hawasemi kitu.

"Hawasemi kitu," mama alirudia taratibu.

Akasukuma sinia kando, akainuka, akatafuta viatu vyake chini ya kiti. Alisema anafika mara moja kwa seremala, kuna neno alilopaswa kumwambia siku nyingi, na chakula kikiiva wasimngoje.