Vibanio vya Maman Pétronille

Mume wangu Numbi na mama yangu mzazi, Maman Pétronille, hawajawahi kutazamana usoni. Hawajagombana hata siku moja. Ni heshima. Katika ukoo wetu wa Katanga, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anageukia ukutani. Mama alipokuja Brussels kutibiwa goti, alifikia kwa shangazi yangu Berthe, kule Saint-Josse. Kila Jumapili Numbi alinipeleka, akabaki garini na karanga zake. Mama alichungulia kwanza dirishani kuhakikisha bado yuko garini, ndipo akatoka jikoni kunisalimia.

Mila hiyo haikunisumbua mpaka nilipopata mimba. Mtoto angezaliwa Machi 2010, na nilimtaka Mama ahamie kwetu Auderghem miezi ile ya kwanza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mtu wa miaka tisini namwogesha nikiwa napiga mluzi, ila kichanga kinanitisha. Mama akajibu kwamba hawezi kulala chini ya paa moja na mkwe wake, kwamba Februari anarudi Lubumbashi, na kwamba ataniombea. Ataniombea! Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe cha Berthe, na sikuomba radhi.

Wiki hiyo hiyo wenzangu kazini walinipa zawadi: kuponi ya wikendi kwenye nyumba ya mbao huko Ardennes, kwenye vilima ambavyo Wabelgiji wanaviita milima. Ilibidi itumike kabla Januari haijaisha. Pichani niliona ghorofa mbili, nikapanga mambo yangu. Mama atalala chini, Numbi juu, na Jumapili asubuhi kila mtu ataona kwamba hakuna aliyekufa. Mama nilimwambia Numbi atatushusha tu na kurudi Brussels. Numbi nilimwambia Mama atakuwa na chumba chake chenye mlango. Utabiri wa hali ya hewa, météo, ulisema theluji nyingi, nami nikanyamaza.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama alikaa kiti cha nyuma, shali imemfunika kichwa, akitazama nje. Numbi ni dereva wa basi, mtu ambaye bila vioo hajisikii amevaa nguo. Siku hiyo aliendesha saa mbili nzima kioo cha ndani amekigeuza kinaangalia paa.

Tukafika. Ghorofa ya juu ilikuwa kitanda kilichowekwa juu ya mbao, na ngazi ya kupandia, bila ukuta. Chini palikuwa na kitanda, sofa, meza, na jiko la kuni. Mlango wa ndani ulikuwa mmoja tu, wa choo. Mama alitazama mara moja, akavuta kiti, akaketi akiangalia ukuta na koti lake mwilini. Numbi, ambaye hakuvuka kizingiti, aligeuza gari arudi zake Brussels. Baada ya nusu saa nikamwona anakuja kwa miguu, gari ameliacha njiani, theluji magotini. Barabara ilikuwa imefungwa mpaka kesho yake. Akasimama barazani.

"Sido," akasema, "ulinambia kuko mulango."

"Kuko," nikasema. "Ya ku W.C."

Hakucheka. Nami sikuona kichekesho sana wakati huo, maana Mama alikuwa ameanza kusali kwa sauti ndogo, na Mama akisali hivyo huwa ameshakata shauri.

"Sidonie," akasema bila kugeuka, "umuambie mukwe yangu aingie. Atakufa na baridi huko inje, kisha batu baseme ni mie nilimuua."

"Umuambie maman asante," Numbi akajibu, meno yanagongana. "Bon, mie niko muzuri huku."

Walikuwa hatua nane kutoka mmoja hadi mwingine, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini lazima neno lipite kwangu kwanza. Hatimaye Numbi aliingia amejifunika blanketi kichwani, akaanza kuwasha jiko kwa kupapasa. Moshi ukajaa nyumba. Mama akakohoa.

"Umuambie ule mutu afungule kale kamulango ka chini. Moto inapumuaka kwa chini."

"Umuambie maman nimeshafungula."

"Umuambie hajafungula."

Na mimi, mwenye mimba ya miezi saba, nikipeleka maneno kama posta. Nikafika mwisho. "Donc, mie nimechoka," nikawaambia. "Musemezane ao munyamaze." Nikajilaza kwenye sofa, nikafunika uso kwa mto. Nilijua nimeharibu kila kitu. Mama angerudi Lubumbashi, pengine hata kabla ya Februari, na mimi ningebaki na kichanga na kitabu cha maelekezo.

Kisha nikasikia zipu ya begi la Mama, na sauti yake, safari hii haikuniita mimi.

"Mukwe, shika kule ku ngazi."

Niliinua mto. Mama alikuwa ametoa kitenge kizima, kikwembe kama anavyokiita, cha kijani chenye ndege wa manjano, na mfuko wa vibanio vya nguo, pinces zake. Numbi akashika ncha moja huku ameangalia mlango, Mama akashika nyingine ameangalia dirisha. Wakakifunga kwenye kamba ya kuanikia soksi, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na ndiyo maana kilikaa upande upande. Nyumba ikagawanyika. Jiko na choo vikawa kwa Mama. Numbi akapata mlango wa nje na baridi yake. Ikaamuliwa kwamba anayetaka kwenda chooni atakohoa mara tatu.

"Kama basi inalia ikitaka kufunga milango," Numbi akasema.

Nikasikia Mama anacheka puani.

Akasonga bukari, maana kwake mlo bila ugali si mlo, akapasha sombe ya kisamvu aliyoibeba, na sahani ya Numbi ikapita chini ya kitenge. Katikati ya chakula kijiko chake kikaanguka na kubingirika upande wetu, karibu na mguu wa Mama. Kilikuwa umbali wa mkono. Numbi hakuunyoosha.

"Pardon, maman. Kijiko yangu imeingia kwenu."

Mama akakirudisha, polepole, akikisukuma kwa ncha ya kidole. Baada ya hapo hawakunyamaza tena. Mama akamuuliza kuhusu basi, kuhusu Likasi alikokulia, kuhusu mama yake aliyefariki yeye akiwa na miaka tisa, jambo ambalo mimi lilinichukua mwaka kulijua. Kisha wakanigeukia mimi: chumvi ninayozidisha, simu nisizopokea. Nilikaa pale katikati nikiwa mgeni kwa watu wangu mwenyewe.

"Maman," Numbi akasema, "mie nafikiri Sidonie alijua kama neige itafunga barabara."

"Mie pia nilijua. Alikuwa anaangalia météo mara tatu kwa Berthe, anafikiri sioni."

Nikaketi wima. "Maman, ulijua? Na ulikuja?"

"Unafikiri hizi pinces nilizileta juu ya kuanika neige?" Akamega tonge. "Nilikuwa napenda kujua kama mukwe yangu atachungulia. Hakuchungulia, hata kwa kijiko."

Niliona haya na furaha kwa pamoja, nikalia ndani ya sahani yangu, na wote wawili wakaniambia sombe haitaki chumvi zaidi.

Jumapili mchana barabara ilifunguliwa. Kioo cha gari kilikuwa bado kinaangalia paa. Tulipokaribia Brussels Mama akauliza, akitazama nje:

"Mukwe, salon yenu iko na mètres ngapi?"

"Cinq, maman."

Mita tano. Mama akafikiri mpaka taa mbili za barabarani zikatupita.

"Kikwembe moja haitafika," akasema.

Jumatatu, kabla ya zamu yake, Numbi alipigilia misumari sita ya kamba kwenye ukuta wa sebule, na mwenye nyumba hajaambiwa mpaka leo. Mama alihamia Jumamosi iliyofuata, na begi lake, goti lake na vibanio vyake, na safari ya Februari haikutajwa tena. Jioni ya kwanza tu walinisengenya kupitia kitenge mpaka nikawaomba wanyamaze nilale.